Taulo la Ofisa Pimpalkar

Kwa miaka thelathini na mmoja Digambar Pimpalkar aliegemea mbao tupu. Kiti chake cha karani, katika ofisi ya mifereji ya mji wa Ambegiri, kilikuwa na mgongo wa vibao vitatu, na jioni akivua shati mkewe aliweza kuvihesabu vyote vitatu mgongoni mwake. Viti vya maofisa vilikuwa na taulo. Taulo jeupe, lililokunjwa na kutundikwa mgongoni mwa kiti, ndilo lililokwambia, kabla hujafungua kinywa, kwamba hapa utasimama mpaka uambiwe keti. Ungeweza kuwa na shahada mbili na miwani ya dhahabu. Kama kiti chako hakina taulo, wakulima waliokuja kulalamikia maji walikupita tu, wakaenda kumtafuta mwenye taulo.

Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Barua ya kupandishwa cheo ilisema kwamba kuanzia tarehe mosi Juni atakuwa ofisa wa samani na vifaa. Mwisho wa Novemba angestaafu. Ilikuwa miezi sita tu, lakini Digambar hakuwa mtu wa tamaa. Miezi sita ya taulo ilimtosha.

Mkewe, Kusum, ndiye aliyekwenda sokoni. Alinunua mawili, ili moja likiwa kambani jingine liwe kitini, ya pamba nzito yenye pindo la buluu. Kaka yake Kusum, Murlidhar, alikuwa ofisa wa misitu, na hakuna siku aliyokuja kula kwao akaondoka bila kutaja taulo lake: jinsi lilivyobadilishwa, jinsi lilivyonukia. Kusum alikuwa amemwandalia kaka yake chakula na kuyameza maneno hayo kwa miaka kumi na tisa.

"Baba Ketaki," alisema huku akipiga pasi, "siku hiyo mwambie mtu akupige picha. Ukae upande, taulo lionekane. Nataka kaka yangu aiangalie akiwa na tonge mdomoni, imkabe."

"Imkabe kabisa?"

"Kidogo. Si kaka yangu?"

Basi katikati ya Mei akaletwa mkurugenzi mpya. Jina lake Revati Ainapure, miaka thelathini na minne, nywele fupi kavu, na aliliacha gari la ofisi likae kivulini akaja kazini kwa skuta. Siku ya tatu alisimama, akalivuta taulo kwenye kiti chake, akalinusa, akauliza ofisi nzima:

"Hili linafanya nini hapa? Kuna mtu anaoga?"

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyejua kama imeruhusiwa. Siku mbili baadaye tangazo likabandikwa ubaoni. Kuanzia tarehe mosi Juni mataulo yote yangeondolewa vitini, na watumishi wangeitana kwa majina, bila Saheb wala Madam.

Tarehe mosi Juni! Digambar alilisoma mara tatu, kama mtu anayetafuta kosa la chapa. Mvumilivu hula mbivu, walimwambia tangu alipoajiriwa. Hakuna aliyemwonya kwamba siku ya kuvuna mti ungekatwa. Iliuma, tena iliuma vibaya, na kilichouma zaidi ni kuona wengine hawaumii. Sayali, binti wa kompyuta, alikuwa akifurahi waziwazi.

"Afadhali yaondoke," alisema. "La mzee Wagh linanuka kitunguu."

Wagh alikuwa mhasibu, mwenye upara unaong'aa. "Kitunguu ni afya," alijibu bila kuinua macho.

Digambar hakumwambia Kusum. Alikwenda kwa mkurugenzi.

"Madam," alianza.

"Revati."

"Ndiyo, Madam. Ni habari ya mataulo."

"Keti, Digambar. Niambie, taulo lile linakusaidia nini?"

Angesemaje? Kwamba lingemfunga domo shemeji yake? Kwamba mgongo wake una vibao vitatu? Akasema alichozoea kusema kila alipokosa la kusema.

"Ni utaratibu, Madam."

"Umeandikwa wapi? Mimi ni mtu wa maandishi. Nionyeshe ulipoandikwa, nitauheshimu."

Maneno hayo hakupaswa kumwambia mtu aliyekuwa karani kwa miaka thelathini na mmoja. Digambar aliondoka mbele yake na uso wa mtu aliyekopeshwa upanga.

Stoo ya mafaili ilikuwa nyuma ya jengo, na hakuna aliyeingia humo kwa hiari isipokuwa panya. Digambar aliingia. Aliyemsaidia ni Baban, tarishi wa ofisi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, ambaye kila Jumatatu kwa miaka ishirini na sita alikusanya mataulo ya maofisa, akayafua, akayaanika, akayarudisha yamekunjwa. Kwa siku nne Baban alipanda ngazi akashusha marobota ya karatasi, na Digambar akayafungua, wakipiga chafya kwa zamu.

"Baban, wewe si ungefurahi yaondoke? Kazi ingepungua."

"Kazi haipungui, bhau," Baban alisema, yaani kaka. "Ikiondoka hii wanakutafutia nyingine."

Siku ya tano, ndani ya kitambaa chekundu kilichopauka, amri ikapatikana. Ilikuwa ya mwaka 1958, na ukurasa wake wa kwanza ulisomeka hivi: kwa kuwa mafuta ya nywele yanaharibu viti vya Serikali, na kwa kuwa viti ni ghali, taulo jeupe litatundikwa kitini na kubadilishwa kila wiki. Chini palikuwa na mhuri. Popote Digambar alipopekua hakuona barua ya kuifuta.

Furaha ni kitu kibaya kwa karani. Mtu aliyewahi kumrudishia waziri barua kwa sababu ya nukta alisoma ukurasa mmoja tu, akaikumbatia ile karatasi, akapita uani mbio mbio mpaka kwa mkurugenzi, na utando wa buibui kichwani.

Revati aliusoma ukurasa wa kwanza. Kisha akafunua wa pili. Digambar aliona pembe ya mdomo wake ikipanda.

"Hii amri haijafutwa," alisema.

"Haijafutwa, Madam."

"Basi tangazo langu nalifuta, na amri nitaitekeleza. Yote. Umesoma huku nyuma?"

Akamgeuzia karatasi. Ukurasa wa pili ulisema kwamba taulo litatolewa kwa kila mtumishi apakaye mafuta, bila kujali daraja, kwa kuwa kiti cha Serikali hakijui cheo cha kichwa kinachokiegemea.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mchana ule ule Sayali alizunguka na orodha akiuliza nani anapaka mafuta. Makarani walipaka. Dereva alipaka. Mlinzi alipaka ya nazi asubuhi na ya haradali jioni. Mzee Wagh, asiye na unywele hata mmoja, aliapa kwamba anapaka kuliko wote, na ushahidi ulikuwa unang'aa. Kati ya watumishi arobaini na watatu, mmoja tu ndiye asiyepaka: mkurugenzi mwenyewe.

Nyumbani Digambar alimwambia Kusum nusu ya habari, ile nusu nzuri.

"Nimeshinda. Mataulo yanabaki."

"Nilijua," alisema Kusum, akamwongezea samli kwenye wali.

Tarehe mosi Juni aliingia ofisini mapema, shati jipya, nywele zimelazwa kwa mafuta. Chumba kizima kilikuwa cheupe. Kila kiti, kuanzia cha mhandisi hadi cha mlinzi, kilikuwa na taulo. Digambar alikwenda kwenye kiti chake kipya, akaondoa taulo la Serikali, akatundika la Kusum lenye pindo la buluu, akaketi, akaegemea. Lilikuwa laini. Lilikuwa laini kweli, na hakuna aliyegeuka kutazama, maana kila mmoja alikuwa ameegemea lake.

Sayali alimpiga picha, kisha akamwonyesha. Nyuma ya bega la ofisa mpya, kwenye picha, dereva alikuwa akijifuta chai mdomoni kwa taulo lake.

"Hiyo ifute," alisema Digambar. "Piga nyingine."

Kwenye ya pili alionekana mlinzi.

Saa nne akaja mkulima wa kwanza, mzee mwenye kilemba cha waridi, na shida ya mfereji wake. Alisimama mlangoni akayatazama mataulo, akawaza. Kisha akavipita viti vyote, na cha Digambar kimojawapo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kile kimoja kisichokuwa na taulo.

"Wewe ndiye mkubwa wa hapa," alimwambia Revati. "Wengine wote wana kitambaa."

Ofisi ilicheka, na safari hii hakuna aliyengoja ruhusa. Digambar hakucheka. Aliondoka, akasema anakwenda kunywa maji. Miaka thelathini na mmoja, halafu hivi! Alitaka kumlaani yule binti wa skuta, akataka kujilaani mwenyewe kwa ule ukurasa wa pili, akakosa wa kuanza naye.

Kwenye ukumbi, pembeni ya mlango, alimkuta Baban. Alikuwa ameketi na taulo lake jipya mapajani, limekunjwa mara nne kwa mkono wa mtu anayejua kukunja, na viganja viwili juu yake.

"Na wewe mbona hujatundika?" Digambar aliuliza, kwa ukali ambao haukumhusu Baban.

"Nitundike wapi, Saheb?"

Alimwita Saheb. Ndilo neno alilolitamani miaka yote, na Baban ndiye wa kwanza kumpa, tena tangazo likiwa limekufa, kwa hiyo kwa halali. Lakini Digambar hakulisikia vizuri, kwa sababu alikuwa akitazama alichokalia Baban. Baban alikuwa juu ya stuli. Stuli ya mbao, miguu minne, haina mgongo. Digambar alipita hapo mara ngapi kwa siku, kwa miaka ishirini na sita? Yeye aliyelalamika kwa mkewe kila jioni juu ya vibao vitatu.

Aliona aibu. Ilimpanda toka miguuni mpaka kwenye nywele zake zilizolazwa, na hapakuwa na mahali pa kuificha.

"Inuka," alisema.

"Nimekosa nini, Saheb?"

"Inuka, nimesema. Mimi ni ofisa wa samani."

Kiti chake cha zamani kilikuwa bado mezani, kikimsubiri karani ambaye hata hakuwa ameajiriwa. Digambar alikibeba mwenyewe hadi ukumbini, watu wakishangaa, na Wagh akamfuata nyuma.

"Pimpalkar, una wazimu? Tarishi hapewi mgongo. Akiegemea analala. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema."

"Nilisema," Digambar alikubali. Alikuwa amelisema, tena mara nyingi, tena kwa kicheko, mbele ya huyu huyu Baban akimimina chai.

Akalichukua taulo mapajani mwa Baban. Akaliangalia, kisha akaligeuzageuza, maana katika maisha yake hajawahi kutundika taulo la mtu mwingine. Alilitundika limepinda. Baban alinyoosha mkono alinyooshe, kwa mazoea, Digambar akaupiga mkono ule kidogo.

"Acha. Keti."

Baban aliketi kwenye ncha ya kiti, kama mgeni. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akasogea nyuma kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mgongo wake ukagusa taulo. Akashusha pumzi ndefu. Dakika tano baadaye alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na mafuta ya nazi ya kichwa chake yakiingia taratibu katika pamba ya Serikali.

"Si unaona?" Wagh alinong'ona. "Si nilikwambia?"

Kengele ya mkurugenzi ikalia. Ilikuwa ya kumwita tarishi: faili la yule mkulima mwenye kilemba lilikuwa mezani kwa Digambar, kati ya yale ya ukarani ambayo hakuwa ameyakabidhi, na Madam alilitaka. Ikalia mara ya pili. Ofisi nzima ikamtazama ofisa mpya, imwone akimwamsha mtu.

Digambar alirudi mezani kwake, akalichukua faili, akalitia kwapani. Katika ofisi ile hakuna ofisa aliyewahi kubeba faili kwa mkono wake mwenyewe. Alivuka chumba chote nalo, akapita mbele ya dereva, mlinzi na mkulima, akaliweka mbele ya mkurugenzi.

"Baban yuko wapi?" Revati aliuliza.

"Yuko kazini, Madam," alisema Digambar. "Ameegemea."