Njia ya Konokono

Kilichomchosha Rebeka kuliko kazi ni salamu. Pale Mabatini, Mwanza, alikokaa, mtu hamalizi kumjulia hali mwanamke mwenye mume bila kumuulizia na mumewe. "Mama Jonathan, habari za nyumbani? Baba Jonathan hajambo?" Naye hakujua ajibu nini. Josephat alikuwa ameondoka kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, mwaka ule kiwanda cha nguo kilipopunguza watu. Wote wawili walipunguzwa, Rebeka akiwa kwenye kufuma na mumewe kwenye ufundi wa mitambo. Mwanzoni alikuwa akirudi kila baada ya miezi michache, amekonda, ana vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio, anacheka. Baadaye akawa anatuma salamu tu kwa watu. Hatimaye salamu nazo zikakatika.

Miaka ikapita. Kwa muda mrefu Rebeka alijibu "hajambo", mpaka siku moja alipojisikia akilitamka neno hilo kama kasuku, akaanza kuwakwepa watu. Alishonea nyumbani, akipunguza suruali za mitumba walizomletea wachuuzi, nguo zilezile za marobota zilizokiua kiwanda. Mwanawe Jonathan alikuwa Dar es Salaam, ana mambo yake. Alasiri ikifika, Rebeka alifunika cherehani, akatokea mlango wa nyuma, akapita kandokando ya miamba na kuteremka ziwani, sehemu ambayo hakuna aliyemjua.

Ndivyo alivyoifikia Konokono.

Ilikuwa bustani ya manispaa iliyosahaulika. Majani yalifika magotini na bembea zilibaki minyororo mitupu. Lakini kwenye kona iliyoelekea maji palikuwa pamefyekwa, na mawe ya ukubwa wa ngumi yamepangwa mistari kwa mistari, duara ndani ya duara, kama gamba la konokono. Katikati ya mistari hiyo mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kiua alikuwa akitembea polepole, kichwa kimeinama. Rebeka akadhani amedondosha kitu. Yule mtu akafika karibu kabisa na katikati, akageuka, akaenda mbali tena, akageuka. Rebeka akarudi nyuma hatua mbili.

"Unaogopa?" aliuliza mtawa mzee aliyekuwa amechuchumaa akipalilia.

"Shikamoo, Sista. Watu wanasema hapa pana uganga."

"Marahaba. Wanasema. Hata manispaa walikuja kutazama kama nimezika kitu." Akajifuta mikono kwenye aproni. Huyo alikuwa Sista Odeta, Mhaya, nesi mstaafu. Ujanani alipelekwa kusoma Ulaya, na huko, kwenye bustani ya mjini, aliona watu wakitembea kwenye njia kama hii baada ya kazi, kimya, bila kwenda popote. Hakuisahau. Alipostaafu akaomba kona ile, na mawe Mwanza hayanunuliwi.

"Ni kama ule mchezo wa kupoteza watu njia?" Rebeka aliuliza.

"Hapana. Mchezo huo una njia nyingi. Hapa njia ni moja. Inakuzungusha, inakusogeza katikati, halafu inakutupa nje tena. Ukiendelea tu, unafika."

"Na ukifika kuna nini?"

"Kuna jiwe la kukalia. Halafu unarudi."

"Basi?"

"Basi. Ila sharti ni moja: humo ndani hatusalimiani."

Rebeka alirudi nyumbani akimcheka yule mtawa kimoyomoyo. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Hakuweza kueleza ile njia ilimfanyia nini. Kona zilikuwa nyingi, miguu ikabidi iziangalie, na miguu ikiwa na kazi, kichwa kilitulia. Lakini zaidi ilikuwa ni lile sharti. Kwao Usukumani, kumpita mtu bila kumsalimu ni kumtukana. Humu ndani yule mwenye kofia, ambaye baadaye alijua kuwa anaitwa Bilali, fundi wa mikoba ya ngozi, alimpita bega kwa bega, mstari mmoja wa mawe kati yao, asimuulize habari ya mtu yeyote. Kisha njia ikawatenganisha, yeye upande wa ziwa, Bilali upande wa barabara. Baada ya kitambo ikawakutanisha tena. Rebeka aliona kwamba kwa miaka yote ile hajawahi kukaa na mtu kwa amani kiasi hicho, na mtu mwenyewe hakumjua.

Mvua za vuli zilipokatika, shemeji yake Chenge akaja kutoka Magu. Alikuwa mdogo wake Josephat, mkulima wa pamba, mtu mpole asiyejua kuzungusha maneno. Alikunywa maji, akaweka kikombe chini.

"Shemeji, kule nyumbani tumekaa. Tunaona tumlilie kaka."

"Kwani amekufa?"

"Mtu aliye hai hakai hivi. Mama amezeeka, shemeji. Anataka kumlilia mwanawe kabla hajafa yeye. Kila jioni anakaa mlangoni anaangalia barabara, hata chakula hali vizuri. Tukimlilia atapumzika. Na wewe utajulikana umesimama wapi."

Rebeka hakukasirika. Alijua Chenge hakutaka nyumba wala cherehani. Wakakubaliana watu waje Mwanza, Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata. Lakini wiki ile ile Mhoja, waliyekuwa naye kiwandani, akamsimamisha barabarani. Alitoka machimboni kuuza vitunguu. Akasema kwa aibu, akiangalia viatu vyake, kwamba kuna fundi wa mashine za kuvuta maji kule, na kama si Josephat basi ni pacha wake.

Rebeka hakumwambia mtu. Alfajiri moja alipanda gari la Geita, akavuka na feri ya Kigongo amesimama ukingoni, kitenge amekivuta mpaka puani kwa upepo. Kutoka Busisi, ng'ambo, alipanda lori, akakaa juu ya magunia mpaka kwenye mji wa maturubai na vumbi, ambako mawe yalitwangwa mchana kutwa na hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka wapi.

Alimjua kwa mgongo. Josephat alikuwa ameinamia pampu, akiisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mitambo ya kufumia, sikio moja limeegemea chuma.

"Josephat."

Hakugeuka mara moja. Alifunga nati aliyokuwa akiifunga, akajifuta mikono, ndipo akageuka. Mvi zilikuwa zimemjaa. Kabla hajasema neno, mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu alikuja mbio kutoka kwenye kibanda cha mama ntilie na kumshika suruali, "Baba, baba," na mwanamke aliyekuwa akisonga ugali akasimama na mwiko mkononi, akaelewa, akaingia ndani.

Walikaa kwenye benchi. Aliagiza soda, Rebeka hakuigusa.

"Nilitaka kuja mwaka juzi," Josephat alisema. "Nikajiuliza, nitarudi na nini?"

"Ungerudi na wewe."

Mtoto alikuwa akichora mchangani kwa kijiti.

"Kwenu wanataka kukulilia," Rebeka akasema. "Jumamosi. Mama yako anakaa mlangoni kila jioni."

Josephat alimtazama mtoto. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Waache walie."

"Unasemaje?"

"Waambie umekuja, ukaonyeshwa shimo lililofukiwa na mvua. Mashimo yako mengi, hakuna atakayefukua. Mama akinililia, atapona. Akijua niko hai na sirudi, hatapona. Na wewe utakuwa mjane, watakuheshimu. Sasa hivi wewe ni nani?"

Hayo hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayemshauri dada yake, na hilo ndilo lililomchoma Rebeka. Aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Josephat hakumsindikiza.

Kwenye feri ya kurudi hakulia. Alihesabu tu faida, kama mtu anayepima kitambaa. Akisema amekufa, mama mkwe atalia, atapumzika. Akina mama wa jumuiya watakaa naye, watamshika mkono kanisani. Padri atasoma misa. Hakuna atakayemuuliza chochote tena maishani. Akisema yu hai, atakuwa mwanamke aliyeachwa, na walioachwa watu huwatafutia sababu. Kila alivyopima, uongo ulikuwa mpana na kweli ilikuwa fupi, haitoshi kumfunika.

Ijumaa, siku moja kabla ya matanga, alienda Konokono. Sista Odeta alikuwa anaumwa, magugu yameanza kuchungulia kati ya mawe. Bilali alikuwamo. Rebeka aliingia, akatembea, na safari hii miguu haikumtuliza. Alifika kwenye jiwe la katikati, akakaa, akatoka, akaingia tena. Walipokutana kwa mara nyingine, bega kwa bega, alisimama na kuvunja sharti.

"Samahani, kaka. Mtu akikuomba useme amekufa, na yu hai, ungefanyaje?"

Bilali alisimama. Alimwangalia kwa mara ya kwanza, akaona kuwa si swali la mchezo.

"Sijui, dada yangu," alisema. "Mke wangu, Mwaija, nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Kila Alhamisi namsomea, na najua nimemweka wapi. Ingekuwa sikumweka popote, sijui dua yangu ingekwenda wapi." Akafikiri. "Sijui. Nisikudanganye."

Kisha akavua kofia, akaivaa tena, na kuendelea na njia yake. Rebeka alibaki amesimama mpaka jua liliposhuka nyuma ya vilima vya ng'ambo. Alimfikiria yule bibi wa Magu akimlilia mtu ambaye wakati huohuo anakula ugali na kumfundisha mtoto kushika spana. Akajaribu kujiona yeye mwenyewe, amevaa nyeusi, akipokea pole kila siku na kusema asante. Neno hilo pia lingekuwa la kasuku. Akatoka.

Jumamosi watu walikuja. Mikeka ilitandikwa, wanawake wa Magu wakaingia na mama mkwe amewekwa katikati, mdogo kama kifurushi. Sufuria za wali zilikuwa tayari jikoni. Chenge aliposimama ili aseme la ukoo, Rebeka akamwomba amwache yeye aseme kwanza.

"Msilie," alisema. "Nimemwona. Ni mzima."

Mwanamke mmoja, aliyekuwa ameshaanza kilio cha chinichini, alikimeza.

"Umemwona wapi?" Chenge akauliza.

"Machimboni. Ana mwanamke na mtoto. Hatarudi. Amesema niwaambie amekufa. Nimeshindwa."

Macho yote yalimgeukia mama mkwe. Bibi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliuliza, "Mtoto ni wa kiume?"

"Wa kiume, mama."

"Amefanana naye?"

"Masikio," Rebeka akasema. "Masikio ni yake kabisa."

Bibi akacheka huku machozi yakimtoka, akapiga mapaja yake kwa viganja, akasema kwa Kisukuma maneno ya kumkaribisha mjukuu ambayo hakuna aliyethubutu kuyaitikia mbele ya Rebeka. Halafu watu wakaanza kuinuka. Walikuwa wamekuja na pole, na pole ile haikuwa na mahali pa kutua tena. Hakuna pole iliyotungwa kwa jambo kama hilo. Mmoja alimshika bega, mwingine akasema "Mungu yupo", na wengi waliaga wakiangalia pembeni, kama waliomkuta anaoga. Mikeka ilikunjwa upesi. Wali ulibaki mwingi, naye akaugawa kwa majirani kwenye sahani zilizofunikwa, akigonga mlango, akiweka na kuondoka.

Mwezi uliofuata Chenge alirudi. Alikuwa ametoka machimboni, vumbi bado lipo kwenye kola.

"Nimempeleka mama," alisema. "Hakutaka kusikia lolote, ilibidi nimpeleke. Amebaki kule. Siku nzima anambeba yule mtoto. Anakula vizuri."

"Na kaka yako?"

"Alilia. Ameinamisha kichwa tu." Chenge alikizungusha kikombe mkononi. "Shemeji, mama alikuwa anakupenda sana. Anakupenda hata sasa. Lakini usimtegemee kuja. Yule mwanamke anampikia."

"Nimeelewa."

"Nyumba hii ni yako. Hakuna mtu wa kwetu atakayekutoa, nimelisema mbele ya wazee. Na mimi nitakuwa napita kukuona, pamba ikiruhusu."

"Asante, shemeji."

Wote wawili walijua kwamba pamba hairuhusu, na kwamba kutoka Magu mtu hafungi safari kumwona shemeji asiye mke wa ndugu yake tena. Hata hivyo Rebeka alimshukuru mara ya pili, kwa kuwa alikuja kumwambia ana kwa ana. Alimtayarishia samaki na ugali, wakala bila maneno mengi. Jua lilipopunguza makali akamsindikiza, wakateremka ngazi za mawe, wakapita kisimani, mpaka pale barabarani yanaposimama magari ya Magu. Gari lilikuja limejaa nusu. Chenge alipanda, akatoa mkono dirishani, na Rebeka akaupungia mpaka gari lilipokata kona. Alisimama kidogo, akanunua mkungu mdogo wa ndizi kwa mwanamke aliyekuwa akifunga meza, kisha akaanza kupanda mlima taratibu kurudi nyumbani, peke yake.