Kabati la Magari ya Plastiki

Jumanne jioni, alipotoka kazini, mkaguzi wa magari alikaa kwenye meza ya sebuleni akakata kipande namba ishirini na mbili kwa mkasi wa kucha. Kilikuwa kisahani cha breki cha gurudumu la mbele, upande wa kushoto, kidogo kuliko punje ya dengu. Alikisugua kwa msasa mpaka kovu la kukatia likaisha, akakipaka rangi ya fedha kwa brashi ya nywele tatu, kisha akakipuliza polepole kama anayepoza uji wa mtoto.

"Hicho nacho kitaonekana?" mkewe akauliza. Alikuwa anamtandikia gazeti chini ya kiwiko, maana rangi ile ikishika kitambaa haitoki.

"Hakitaonekana. Gurudumu litakifunika."

"Sasa unajisumbua nini?"

"Nitajua mimi kwamba kipo."

Ndivyo alivyokuwa. Boksi likija na vipande mia na ishirini, vyote mia na ishirini vitaingia. Na hakuunda gari lolote ila lile alilolipitisha mwenyewe kwenye uwanja wake wa ukaguzi. Likimvutia, alilipima kwa macho, akarudi nyumbani akaliunda na rangi yake, mbonyeo wa mlangoni, hata namba ya nyuma, ambayo aliiandika kwa ncha ya sindano. Alikuwa nayo thelathini na moja kwenye kabati la kioo.

Uwanjani kulikuwa na shimo. Gari lilipaswa kusimama juu yake, mkaguzi ashuke na tochi, aangalie mabomba ya breki na vyuma vya chini. Yeye hakuwa ameshuka humo tangu apandishwe cheo. Alikaa kwenye kiti chini ya bati, gari likaja mbele yake, akagonga boneti mara mbili kwa kidole, akasikiliza, akasaini. Madereva walimwita Kalamu. Walisema Kalamu akikugongea boneti, hata jeneza linapita. Yeye alicheka pamoja nao. Alisema sikio lake limesoma kuliko tochi.

Magari ya kabatini yalikuwa yanapata ajali.

La kwanza lilikuwa pikapu ya bluu. Mke alikuwa anachambua mchele alipolisikia linajiburuta juu ya kioo, likaongeza mwendo, likagonga ubao wa kabati likapinduka. Mlango wa dereva ulifunguka ikatoka damu, kama kijiko cha chai. Aliifuta kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha. Usiku habari zikasema pikapu ya bluu imekatika breki, imewaua wanawake tisa waliokuwa wanatoka kuuza mboga. Halafu likaja lori la mchanga. Hilo liliingia kwenye kibanda cha kinyozi likamsaga kinyozi na mteja wake aliyekuwa amenyolewa nusu, na kabatini mke aliokota nywele, na jino.

"Rangi yote imechubuka," mumewe alisema akiligeuzageuza lile lori.

"Watu wamekufa, mume wangu."

"Barabara mbovu. Na madereva wa siku hizi wana wazimu."

Hakuyatupa, kwa kuwa mkusanyaji hatupi. Aliyapanga rafu ya chini, mabovu kwa mabovu. Mke aliwaombea marehemu kwa hesabu, kwa vile majina hakuyajua: tisa wa pikapu, wawili wa lori, na wengine waliofuata. Kila siku sala ilikuwa ndefu kidogo kuliko jana.

Gari hilo la Jumanne lilikuwa basi la njano. Mke alilitambua kwa mkwaruzo wa ubavuni.

"Hili si basi la kiwanda cha nguo?"

"Ndilo. Limepita jana."

"Mdogo wangu anapanda humo."

"Najua. Kiti cha tatu, dirishani. Nimekipaka rangi vizuri."

Mdogo wake huyo alikuwa amemlea mwenyewe, tangu mama yao alipofariki, mtoto akiwa hajaota meno. Sasa alishona kola kiwandani, mia nne kwa siku.

"Ulishuka shimoni?"

"Mama we, nakuwekea breki nne hapa, zote nazipaka rangi. Unataka nini tena?"

"Za hilo la kweli."

"Nimegonga boneti," alisema, akarudi kwenye kipande namba ishirini na tatu.

Basi lilipomalizika liliwekwa rafu ya katikati. Asubuhi mumewe alipoondoka, mke alichukua gundi yake, akatia tone kwenye kila gurudumu, akalipulizia mpaka likakauka. Akanawa mikono akaendelea na kufua.

Basi la njano la kweli lilisimama pale pale lilipokuwa, kwenye lango la kiwanda, baada tu ya kushusha wafanyakazi. Magurudumu hayakuzunguka. Fundi wa kiwanda alipiga nyundo mpaka mpini ukakatika. Walinzi walidhani dereva amefanya makusudi, wakampiga virungu mpaka sikio moja likaacha kusikia, naye alikuwa anaapa tu kwamba hajui. Siku ya pili wafanyakazi walitembea kwa miguu wakachelewa, wakafungiwa nje. Aliyelalamika alipigwa mbele ya wenzake. Mdogo wake mke alipiga simu akiwa anahema.

"Dada, ni wewe uliyelifunga basi?"

"Ni mimi."

"Lifungue. Wamesema atakayechelewa kesho asirudi."

"Breki zake mbovu."

"Dada, kila mtu analijua hilo. Tukianza kushuka tunashikana mikono."

Alasiri meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe na mkaguzi. Alisimama mbele ya kabati akaliona basi, akaona gundi imevimba kwenye magurudumu.

"Kumbe mmelifungia huku," alisema. "Mama, tuna oda ya mashati."

"Mwambie huyu aangalie breki kwanza, ndipo nilifungue."

Meneja akamgeukia mkaguzi. "Breki zipo?"

"Zipo. Ishirini na mbili mpaka ishirini na tano."

"Umesikia, mama? Mkaguzi amesema zipo."

Mkaguzi alichovya pamba kwenye thina akaosha gurudumu moja moja, kwa subira, asiharibu rangi. Mke alitaka kumzuia, akasukumwa akagonga ukuta kwa bega. Gurudumu la mwisho lilipozunguka, meneja alishukuru, akakataa chai, akaondoka. Mkaguzi alimsindikiza mpaka barabarani.

Asubuhi basi hilo hupanda mlima, jioni hushuka. Saa kumi na moja na nusu mke alikuwa amesimama mbele ya kabati, mlango wake wazi. Basi likaanza kusogea. Mwanzo lilikwenda kistaarabu. Kisha mdundo wake ukabadilika, na ndani yake zikasikika sauti nyembamba, nyingi, kama mbu kwenye chandarua. Mbele yake kulikuwa na mwisho wa rafu, na chini yake rafu ya mabovu.

Mke akaweka kiganja njiani.

Basi lile halikuzidi uzito wa kiberiti, lakini lilikuja na watu arobaini na watano. Lilivunja kidole cha kati na cha pete, likavisukuma vidole vyote nyuma mpaka kucha zikagusa mkono, likaingia kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulitokeza mweupe, na damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Mke alitaja jina la Mungu, akauma kitambaa cha kichwa, mkono hakuutoa. Basi likatetemeka, likasimama. Zile sauti nyembamba zikageuka kikohozi, na mtu mmoja akawa analia.

Magharibi ilipoingia mdogo wake alifika kwa miguu, mdomo umefungwa kitenge chenye damu. Meno matatu ya mbele hayakuwepo.

"Tulikuwa tunakwenda mtoni, dada," alisema. "Katikati ya mteremko tukagonga kitu laini. Dereva ametokea kwenye kioo, amevunjika miguu. Wengine tuko hai."

"Ulikuwa mkono wangu."

Mdogo mtu akautazama. "Pole, dada."

"Pole na wewe. Kaa hapo nikuoshe. Utachota maji wewe, mimi siwezi."

Hospitali walimfungia mkono kwa chuma na plasta. Daktari alimwambia mkono ule hautafanya kazi tena.

"Kazi unayo," alijibu.

Meneja alinyoosha pua ya basi, akatafuta dereva mwingine, akalirudisha uwanjani. Kalamu aligonga boneti mara mbili, akasikiliza, akasaini. Nyumbani alirekebisha mkwaruzo mpya ubavuni, ufanane na wa kweli. Jumatatu mdogo mtu alipanda, kiti cha tatu, dirishani. Kiwandani walimwambia meno hayahusiani na kola.

Basi mke alivuta kigoda akakiweka mbele ya kabati. Kila siku saa kumi na moja alimaliza kupika, akasali, akaketi, akaingiza mkono wa plasta kwenye rafu ya katikati. Siku nyingine basi lilishuka salama. Siku nyingine lilikuja likauparamia, plasta ikapasuka, akasubiri litulie, akafuta. Majirani waliopita dirishani walimsalimia wakamuuliza leo vipi, naye akawaambia leo afadhali. Mmoja alimletea mto wa kukalia.

Mumewe hakumkataza. Alimwomba tu asidondoshee damu vioo vya mbele, kwa sababu huacha ukungu.

Ijumaa moja alirudi na boksi kubwa chini ya kwapa. Alilifungua mezani, akatandika gazeti mwenyewe, akapanga vipande kwa namba. Lilikuwa lori la mafuta, la magurudumu kumi.

"Sogeza kigoda kidogo," alisema. "Hili refu, litachukua rafu ya juu yote."

"Litapita lini uwanjani?"

"Limepita asubuhi."

Mke akasogeza kigoda. Akakunja mkono wa gauni, ule wa upande wa mkono mzima.