Mjomba Anapumua

Halidi alipopewa karanga moja na kuambiwa aisikilize, alijua kwamba zahanati imeishiwa dawa.

Walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi, wagonjwa wa presha watupu, kila mtu na karanga yake kiganjani. Mbele yao alisimama mshauri nasaha aitwaye Glory, binti mwembamba mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Aliwaambia waitazame karanga kama watu ambao hawajawahi kuona karanga maishani. Wainuse. Waipeleke sikioni. Kisha waitie mdomoni, lakini wasitafune kwanza.

"Mwanangu," Halidi alisema, "hii ni ya kuonja, au ndiyo chai yenyewe?"

Mabenchi yote yalicheka, na Glory naye akacheka. "Vidonge utapewa, baba," alisema. "Lakini kidonge hakimsaidii mtu ambaye mwili wake uko hapa na akili iko kwenye ugomvi wa juzi. Ukiwa unakula, kula. Ukiwa unatembea, tembea. Hasira ikija usiifukuze, wala usiifuate. Pumua, itafute imekaa wapi mwilini, uiangalie tu."

Halidi alitaka kumwambia kwamba hasira yake haijawahi kukaa mahali. Ikifika tu inakuta watu wameshakimbia. Lakini alikuwa ametoa ahadi, akanyamaza na karanga yake shavuni.

Aliyeahidiwa ni Mwanvita, mpwa wake. Mama yake Mwanvita, dada pekee wa Halidi, alifariki binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na baba naye hakukawia kumfuata. Halidi akamlea, akamsomesha, ikabaki kumwoza. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Waluguru wana utaratibu wao: mtoto ni wa upande wa mama. Akija mchumba, baba mdogo atatoka Kilosa kusimamia ndoa, sawa, lakini neno la kukubali linatoka kinywani mwa mjomba. Na mjomba mwenyewe ndiye huyu, mwenye bucha pale Bigwa, mwanamume mwenye sauti ya kuwaamsha watu wa mtaa wa pili na mkono uliozoea shoka.

Wachumba walikuja, si kwamba hawakuja. Alikuja mwalimu, akaambiwa ana shingo ya mtu mwongo. Alikuja Dadi, fundi umeme, na ujumbe wake ukaondoka mbio, mmoja wao na kiatu kimoja. Alikuja mwingine ambaye hata jina hakuwahi kulitaja. Majirani wakawa wanaambiana kwamba ukialikwa kwenye posa kwa Halidi, usivue viatu. Mwanvita akafika umri ambao wauza mitumba humwita mama, na ndipo akatokea Yusuph, seremala wa Kihonda, mpole, aliyemtaka naye akamtaka.

"Mjomba," Mwanvita alimwambia siku alipomtaja huyo Yusuph, "huyu nampenda. Ukimfukuza na huyu, sitaolewa tena. Nitakaa hapa, nitakupikia, nitakufulia mpaka ufe. Lakini sitazungumza na wewe."

Alisema taratibu, huku anachagua mchele. Utaratibu ule ndio uliomtisha Halidi. Angepiga kelele wangepigizana kelele wote wawili, wakalala, yakaisha. Akamwahidi kwamba atajizuia, na kesho yake akaenda zahanati mwenyewe, akakubali hata karanga.

Basi akaanza mazoezi, na Bigwa nzima ikapata taabu. Nyumbani alipiga mswaki jino kwa jino. Chai aliitazama kwanza, akaipa muda, ndipo akainywa. Akivaa viatu alivaa viatu tu, redio imezimwa, mtu haruhusiwi kumsemesha. Hayo yalivumilika. Balaa lilikuwa buchani.

"Mzee Halidi, nipe nusu kilo ya maini," mteja anasema.

Halidi analitazama ini. Analigeuza. Anasikia ubaridi wake kwenye vidole.

"Mzee, ni ya leo hayo maini, au nirudi Idi?"

"Niko na ini," Halidi anajibu, na wala hainui macho.

Wapo walioapa kwamba amerogwa. Wengine walisema kuna dini mpya imeingia. Mama ntilie aliyekuwa akinunua kwake utumbo kila asubuhi alihamia bucha ya mbele, akasema yeye ana watu wanasubiri supu, hawezi kungoja utumbo ufahamiane na muuzaji.

Hasira nazo zilikuja kama kawaida, hazikuwa na habari za zahanati. Siku moja, mvua imetoka kunyesha, bajaji ilimrushia maji ya dimbwi ubavu mzima. Halidi alisimama pale pale pembeni ya barabara, akafumba macho, akaanza kuitafuta hasira imekaa wapi. Alikuwa bado anaitafuta, bajaji ya pili ilipommalizia ubavu uliobaki. Lakini hakutukana mtu. Mwanvita alipomwona anaingia uani matope matupu na mdomo umefungwa, aligeukia jiko ili mjomba asimwone anavyofuta machozi. Alikuwa ameanza kuamini.

"Umepumua, mjomba?"

"Nimepumua mpaka nimechoka."

Ujumbe wa Yusuph ulikuja Jumamosi baada ya adhuhuri, mlima umejifunika mawingu hadi kiunoni. Mbele alitangulia mshenga, Mzee Abdi, karani mstaafu, mtu ambaye hawezi kukuambia nyumba yako inaungua kabla hajakuuliza habari za wazee na watoto. Ndiye mshenga wa nusu ya mji. Hata kwa Halidi hakuwa mgeni. Ujumbe ule wa Dadi ulikuwa wake, na kile kiatu kilichobaki kilikuwa cha mdogo wake. Safari hii alichagua kiti cha mlangoni. Yusuph naye alikuwepo, ingawa si desturi, kwa sababu Mwanvita alitaka mjomba amwone kwa macho yake. Alikaa mwisho wa mkeka, amekatazwa kufungua mdomo.

Upande wa wenyeji alikuwepo Halidi na binamu yake Sabra, mama wa makamo aliyepewa kazi moja tu: kumfinya Halidi akianza kupanda. Mwanvita alikuwa nyuma ya pazia, kwenye mlango wa uani, na sufuria za pilau.

Salamu zilikwenda, zikarudi, zikaenda tena. Kisha Mzee Abdi akakohoa.

"Tulikuwa tunapita," alisema, "tukaona katika nyumba hii kuna ua. Sasa ua lenyewe, tusidanganyane, halikuchanua jana wala juzi. Ni ua la siku nyingi. Wengine wangepita zao. Sisi tukasema, hawa ni watu wetu, tuwasaidie."

Huo ni ujanja wa washenga wote duniani, kumshusha binti kidogo ili mjomba asipande sana. Abdi aliutumia kwa mazoea, na neno lilipomtoka tu akakumbuka yuko kwa nani. Nyuma ya pazia sufuria zilinyamaza. Vidole vya Sabra vilitangulia kwenye paja la Halidi vikangoja.

Damu ilipanda kweli. Ilipita shingoni, ikafika masikioni. Halidi akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, akaishusha.

Abdi alisubiri. Katika maisha yake ya ushenga alishajibiwa kwa matusi, kwa vicheko, kwa dua na mara moja kwa ndoo ya maji. Hakuwahi kujibiwa kwa pua.

"Tunajua kuna kilemba cha mjomba," alisema haraka. "Kilemba kipo."

Halidi akavuta pumzi.

"Na kanzu ya kwendana nacho."

Halidi akashusha pumzi.

"Na blanketi la bibi. Bibi najua ametangulia mbele ya haki, lakini blanketi tutalitoa."

Jogoo aliwika uani. Halidi alimsikiliza jogoo hadi mwisho.

"Mbuzi," Abdi alisema, na sauti ilikuwa imeanza kumpanda. "Beberu, ana ndevu zake kabisa."

Yusuph alimgeukia mshenga wake kwa macho ya mtu anayeona mali yake inapigwa mnada mbele yake. Sabra akafinya, si kwa kuzuia bali kwa nia ya kufufua. "Kaka, sema kitu," alimnong'oneza. "Watu wanamaliza zizi."

Halidi hakuwa amesikia kilemba wala mbuzi. Alikuwa ndani, anaitafuta hasira yake. Aliikuta kooni, akataka kuishia hapo, lakini ilikuwa inashuka naye akashuka nayo. Ilipofika kifuani ikatulia. Akaiangalia kama alivyofundishwa, na alivyozidi kuiangalia ndivyo ilivyozidi kutokuwa hasira. Ulikuwa woga. Woga mtupu, wa kitoto, wa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

Aliiona nyumba hii asubuhi bila Mwanvita: sufuria moja, kikombe kimoja, yeye anabishana na redio. Mkewe alirudi kwao Matombo zamani kwa sababu ya makelele yake, na hakuwa na sababu ya kumlaumu. Aliyebaki ni Mwanvita. Na yule mwalimu, shingo yake ilikuwa shingo tu, nzuri, ya mtu mkweli. Wote walikuwa vijana wazuri, ndiyo maana aliwatimua. Angekuja mlevi labda angempa soda. Halidi aliona aibu, na kifua kilimuuma kuliko siku yoyote ya presha.

Akafumbua macho. "Sitaki aondoke," alisema.

Mzee Abdi akainuka nusu, mkono kwenye kitasa.

"Kaa, Abdi. Simfukuzi mtu." Sauti ya Halidi ilikuwa ndogo mpaka watu wakainama kumsikia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Huyu kijana sina neno naye. Hata wale wengine sikuwa na neno nao. Mwanvita akiondoka nabaki na kuta, na mimi naogopa. Ndiyo hivyo tu. Mchukueni."

Sabra akaondoa vidole. Mwisho wa mkeka, yule aliyekatazwa kufungua mdomo akaufungua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Haondoki. Mimi ndiye ninayehamia. Kile kiwanja cha mama yake, hapo nyuma ya choo chako, ndipo tumepanga kujenga. Kazi nitafanya Kihonda, kulala nitalala hapa."

Halidi alimtazama Yusuph, halafu akamtazama Abdi.

"Nilikuwa naliweka mwisho, baada ya mbuzi," Abdi alijitetea. "Maneno mazuri huwa nayaweka mwisho, ndio ustadi wenyewe. Hata la Dadi lilikuwa hivyo hivyo, naye alikuwa ahamie hapa. Sasa wewe siku ile uliinuka tukiwa bado kwenye ua."

Sabra alipiga vigelegele papo hapo, kwa nguvu zake zote, kuziba kila tundu ambalo neno baya lingeweza kupitia. Watu wakashikana mikono. Mzee Abdi akahama kiti cha mlangoni, akakaa kwenye kochi kama binadamu. Halidi alicheka pamoja nao, akarudia mara mbili tatu, "nyuma ya choo," akacheka tena. Kisha kicheko kikamwishia, naye akanyanyuka, akafunua pazia, akatoka uani.

Mwanvita alikuwa anapakua pilau kwenye sinia. Macho yake yalikuwa mekundu na uso umetulia.

"Dadi naye alikuwa ahamie hapa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu alitaka kupanga chumba kwa Sabra, hapo jirani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku ile ile nilikuambia, na kesho yake, na Ijumaa uliporudi msikitini. Ulikuwa unafoka. Safari hii nikamwachia Mzee Abdi aseme."

Halidi akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Haikusaidia chochote. "Nisamehe, mama," alisema.

"Nilishakusamehe siku nyingi." Alitandaza wali kwa mgongo wa upawa. "Na Yusuph nampenda, usije ukafikiri naolewa kwa kukosa. Lakini Dadi pia nilimpenda, mjomba. Sasa hivi ningekuwa na mtoto wa kumtuma dukani."

Halidi alikuwa na majibu. Yalikuja yote kwa pamoja: malezi, presha, mdomo wa Abdi, ubishi wa Mwanvita mwenyewe. Alihisi yanavyosukumana kutoka. Akayaacha yasukumane. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mpwa wake, mikono juu ya magoti.

"Endelea," alisema.

Mwanvita akauweka upawa chini, akaendelea. Alikuwa na mengi, na huko ndani wageni walisubiri mpaka pilau ikapoa.