Picha Aliyoambiwa Aifute

Fundi wa maabara, ambaye wanafunzi walimwita Dada Hadubini, aliijua kazi yake kama anavyolijua jiko lake. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanga mayai ya samaki kwenye visahani vya kioo, mayai madogo kuliko punje ya mchele, maangavu kiasi cha kumwona samaki akijiunda ndani. Swali la maabara yao lilikuwa moja. Mwili unapojengwa, kuna seli zinazofika ukingoni mwa tishu jirani na kusimama, kisha ghafla zinajipenyeza ndani. Nani anazifungulia njia? Profesa alikuwa na jibu lake tangu ujana: kemikali. Seli zinanusa, zinafuata, basi.

Asubuhi moja kifuniko cha kioo kilikaa vibaya, kikambana samaki mmoja ubavuni. Fundi alipotazama picha ya hadubini alishika kiuno. Upande uliobanwa, seli zilishaingia, saa mbili kabla ya wakati. Na huyo alikuwa mmoja wa samaki ambao ile kemikali ilizuiwa mwilini mwao!

Akamwita Profesa. "Hebu angalia. Tishu ikibanwa inavutika, seli za ukingoni zinaachana kidogo, na hawa wageni wanapata upenyo. Ni nguvu, Profesa, si harufu."

Profesa hata hakuketi. "Hiyo imeharibika. Ifute. Wewe panga mayai, kufikiri tuachie wenyewe."

Hakuifuta. Kwa wiki sita alikula mkate amesimama, akitumia saa ya chakula kurudia jaribio. Alibonyeza samaki arobaini na mmoja, mmoja mmoja, kwa unyuzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ukipinda, unakuambia nguvu ni kiasi gani. Thelathini na sita walijibu vilevile. Alipoikata tishu jirani ili isivutike, seli zilibaki nje zimeduwaa. Yote aliyaandika daftarini kwa tarehe, akamwekea Profesa nakala mezani pamoja na picha.

Miezi minane baadaye walikuja wageni kutoka vyuo vingine. Fundi alikaa nyuma kuendesha mashine ya picha. Picha ya kwanza kuonekana ukutani ilikuwa ile iliyoharibika.

"Nilianza kushuku," Profesa alisema kwa sauti nzito, "kwamba huenda ni nguvu tu."

Damu ilimpanda fundi kichwani. Alibonyeza picha inayofuata, na inayofuata, zote za mkono wake, mpaka ya mwisho, yenye majina sita ya watafiti. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: tunamshukuru pia mlisha samaki.

Mgeni mmoja, mwanamama wa makamo, akanyoosha mkono. "Mlibonyeza kwa nguvu kiasi gani? Na mliipimaje?"

Profesa alikohoa, akapekua karatasi, kisha akageuka nyuma akitabasamu. "Fundi wetu atawasaidia hapo."

"Mimi?" Fundi alisimama. "Mimi si mlisha samaki tu? Niulizeni kama walishiba."

Watu wakacheka, kisha wakaona hacheki.

"Jibu ninalo," akaendelea. "Ninalo kwa sababu nilibonyeza mwenyewe, samaki arobaini na mmoja, na njaa yangu. Picha hiyo niliamriwa niifute. Aliyeniamuru ndiye huyo anayewaambia alianza kushuku." Ndipo akawatajia kipimo, kutoka kichwani, na namna unyuzi unavyopimwa. Yule mwanamama aliandika kila neno.

Jioni alimpigia simu mdogo wake. "Dada, watakufukuza!" mdogo wake akalia.

"Wanifukuze wakinitaja jina."

Hawakumfukuza. Mkuu wa idara aliwaita wote wawili, akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akaamuru ripoti ya utafiti, iliyokwisha kutumwa kuchapishwa, irudishwe na jina la fundi liwe la kwanza.

"Ilikuwa kusahau tu," Profesa alisema.

"Mtu husahau mwavuli," fundi akamjibu. "Mimi ulinipita kila asubuhi pale mlangoni, nikakuamkia."

Profesa hakuomba radhi, na tangu siku hiyo salamu yake ni ya kutazama viatu. Wiki iliyofuata mkuu alimpa fundi wanafunzi wawili awafundishe kubonyeza. Aliwakalisha mbele ya hadubini, na kabla hawajagusa kitu akawapa kila mmoja daftari jipya, akawaambia waandike majina yao juu, kwa kalamu ya wino.