Vani ya Zamu ya Mchana

Baba aliniahidi vani yake mwezi wa pili. Nilimwonyesha orodha ya wanawake kumi na mmoja wa hapa kwetu ughaibuni, mjini Brooklyn Center, Mama akiwemo, wanaofanya kazi hospitalini na madukani katika mji jirani wa Coon Rapids. Hawana magari, na basi halijali zamu zao. Mpango wangu ulikuwa niwachukue mlangoni na kuwarudisha mlangoni, kwa nauli. Karatasi hiyo niliizungusha kanisani na dukani wiki tatu nzima. Baba aliisoma yote, akasema, "Hii iko sawa. Ukimaliza semester, vani ni yako."

Nasomea biashara, mwaka wa tatu. Watu wa nyumbani wakiulizwa nasomea nini, husema bado sijaamua. Kaka yangu Brandon ameacha vyuo viwili, na eti yeye ndiye mwenye kichwa cha biashara. Haya basi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, watu walikuja kwetu kula. Chapati nilizisukuma mimi. Mchungaji Solomon alipomaliza kuombea chakula, Baba alisimama akatangaza kwamba Brandon anafungua kampuni ya kutunza wazee majumbani mwao, na kwamba yeye Baba atamchangia vani ile ile. Makofi na vigelegele! Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya mchuzi, inaniunguza vidole, na sikukumbuka kuiweka chini.

"Lakini kampuni kama hiyo inataka nesi mwenye leseni," Mchungaji akasema.

"Nesi tuko naye," Baba akajibu, akininyooshea mkono. "Nkirote ata-switch kwa nursing. Ni miaka miwili tu."

Basi wakaniombea papo hapo. Nikawekewa mikono kichwani kwa ajili ya leseni itakayotundikwa ukutani kwa Brandon. Na hasira zangu zote, bado nilifumba macho kwa adabu, nikasema amina. Hiyo amina ndiyo inayoniudhi kuliko yote.

Wageni walipoondoka nilimfuata Mama chumbani. Alikuwa amevaa sare ya kazi tayari, maana zamu yake huanza saa tisa mchana.

"Mama, si hata wewe uliandika jina lako kwa list yangu? Mbona ulinyamaza?"

Alifunga kamba za kiatu kimoja, halafu za kingine.

"Nkirote, mami," akasema kwa upole, "mimi nilidhani ni homework."

Huenda hata wale wengine kumi walikuwa wananisaidia tu kupata maksi.

Mama alichukua mkoba wake, akachungulia dirishani. Baba alikuwa ameondoka na gari dogo kuwarudisha wageni kwao, na Brandon ameondoka na vani kuwaonyesha rafiki zake.

"Sasa," akaniuliza, "job nitafikaje?"