Kiwanja cha Nyuma ya Posta

Mtu yule aliingia posta ya soko la Kwa Ndolo Jumatatu asubuhi, akanunua stempu moja, kisha akaiacha palepale juu ya kaunta.

"Mama Wendy, hujambo?"

Kavutha, msimamizi wa posta hiyo, hakuwa amewahi kumwona. Hapo posta watu walimwita Madam. Mama Wendy lilikuwa jina lake la nyumbani na la kanisani.

"Sijambo," akajibu.

"Nasikia Alhamisi unaenda Machakos kuongea na watu wa Bunge. Ni vizuri. Waambie posta iko na shida ya pesa, hiyo kila mtu anajua. Lakini ile maneno ya bodi na viwanja, waachie wenyewe." Akatabasamu kwa upole, kama mchungaji baada ya ibada. "Na Wendy bado anapitia ile njia ya mtoni akitoka shule? Si njia nzuri, ile."

Akaenda zake. Kavutha alibaki amesimama, hata mteja aliyefuata akamwuliza kama anaugua.

Chama cha wafanyakazi ndicho kilichomwomba aende kusema mbele ya kamati ya Bunge kwa niaba ya posta ndogo. Bungeni ulikuwa umefika mswada wa kutaka Hazina ya serikali igharimie posta za mashinani, zile zisizoleta faida ila watu wanazitegemea. Pia iundwe bodi huru ya kusimamia matumizi, na pasiuzwe hata shubiri moja ya ardhi ya posta bila idhini yake. Watu wote walikuwa wakishangilia sehemu ya kwanza. Ya pili ilikuwa ikizungumzwa kwa kunong'ona.

Kavutha aliijua sababu. Siku chache nyuma wapima ardhi walikuja na kamba zao, wakapanda mawe ya mipaka kwenye kiwanja cha nyuma ya posta, wakaondoka bila kumsalimia. Alimpigia Muthoka, meneja wake wa eneo, kumwuliza ni kazi ya nani. Muthoka akasema, "Madam, wewe uza stempu." Hakuna mtu mwingine ambaye Kavutha alimwuliza. Basi yule mgeni alijuaje?

Jioni hiyo alimsimulia mumewe, Kyalo, wakiwa shambani wanapalilia kunde. Kyalo aliegemea jembe.

"Usiende," akasema. "Sema unaumwa."

"Na nikikaa? Si wameshajua tunaishi wapi?"

Kuanzia siku iliyofuata Kyalo alikuwa akienda mwenyewe kumchukua Wendy shuleni, panga likiwa ndani ya gunia. Mtoto alipouliza panga ni la nini, aliambiwa ni la kukata kuni.

Alhamisi ukumbi wa Machakos ulijaa pomoni. Kavutha alikaa karibu na dirisha. Muthoka alikuwa mstari wa mbele, amevaa suti. Kavutha alipogeuka kutazama nyuma, alimwona yule mtu wa stempu amesimama kando ya mlango, mikono kifuani. Mtu yule alimwinamishia kichwa, kama watu wanaojuana.

Kavutha alipoitwa, alizungumzia pesa peke yake. Akaeleza paa linalovuja, na akina mama wanaokuja kuchukua dawa zilizotumwa na watoto wao kutoka Nairobi. Watu walipiga makofi. Akaanza kurudi kitini, na moyo ukaanza kumtulia.

"Ngoja kidogo, mama," akasema mwenyekiti wa kamati, mbunge mmoja mwanamke mwenye miwani. "Na bodi? Hujatuambia maoni yako."

Kavutha alishika kiti cha mbele yake. Angeweza kusema hana maoni. Wendy alimjia akilini, na ile njia ya mtoni, na sauti ile ya upole. Kisha akatambua kwamba hofu yake haingepungua akinyamaza. Ingehamia tu nyumbani kwake na kukaa huko daima.

"Bila bodi, pesa msitupatie," akasema. "Mtakuwa mnamwaga maji kwa mtungi uliotoboka. Nyuma ya posta yangu kumepandwa mawe ya mipaka. Niliuliza ni ya nani. Mtu akakuja kuniuliza mtoto wangu anapitia njia gani akitoka shule."

Mwenyekiti akainamia kipaza sauti.

"Unamjua mtu huyo?"

"Kwa jina simjui. Lakini yuko hapo kwa mlango."

Vichwa vyote viligeuka. Yule mtu hakukimbia. Alifunga kifungo cha koti, akatoka taratibu, na askari waliotumwa kumfuata walirudi mikono mitupu. Muthoka aliulizwa kuhusu mawe yale. Akasema hana habari, jasho likimtiririka shingoni. Baadaye, nje, alimpita Kavutha karibu sana. "Hata mimi niko na watoto," akanong'ona, akaingia garini.

Jioni hiyohiyo walimpeleka Wendy Syokimau kwa Ndunge, dada yake Kavutha, akae huko kwa muda.

Wiki iliyofuata gari lilisimama tena nyuma ya posta. Kavutha alijifungia ndani, akachungulia dirishani. Walikuwa wapima ardhi walewale. Kamati ilikuwa imeagiza kiwanja kisiguswe, nao wakang'oa mawe yao moja moja, wakayatupa garini bila neno. Kifungu cha bodi nacho kilibaki ndani ya mswada, ingawa mswada wenyewe bado ulikuwa ukingoja kura.

Walipoondoka, Kavutha alimpigia simu dada yake, akaomba kuongea na mtoto.

"Mawe wameng'oa," akamwambia.

"Kwa hivyo nirudi, mwaitu?" Wendy akauliza, akimwita mama yake kwa Kikamba.

Kavutha alitazama barabara. Gari la wapima lilikuwa limetoweka, ila pikipiki moja ilikuwa imesimama ng'ambo, mwenyewe amevaa kofia ya kufunika uso, akitazama upande wa posta. Labda alikuwa akingoja abiria tu.

"Bado, mama," akasema. "Kaa kwanza na Ndunge."