Panya Namba Kumi na Moja Anafagia

Usiku wa jana niliota nimefika kazini nikamkuta panya namba kumi na moja amekaa kwenye kiti changu, amevaa koti langu jeupe, anasoma daftari langu. Koti lilimkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Niieleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mimi ni Asteria Mlowe, fundi wa maabara, na kazi yangu ni kuwapima panya wanavyotembea. Wameumizwa uti wa mgongo kwa makusudi, wakiwa wamelazwa kwa dawa. Kisha nusu yao wamedungwa seli changa, zile ambazo bado hazijawa kitu chochote, na nusu wamedungwa maji ya chumvi tu. Mimi sitakiwi kujua nani kapata nini. Namweka kila mmoja kwenye beseni kubwa, naangalia miguu yake ya nyuma kwa dakika nne, natoa alama. Sifuri ni mguu uliokufa. Ishirini na moja ni panya mzima. Nane ni mguu unaofagia sakafu bila kubeba uzito. Tisa ni unyayo umekanyaga na mwili umesimama juu yake. Ukiwa umekaa na kazi hii muda mrefu, unajua kwamba kutoka nane kwenda tisa ni mbali sana.

Juzi nilichungulia bahasha ya Daktari Kiwelu, bosi wangu, yenye orodha ya nani kapata nini. Kumi na moja kapata seli. Jana akafagia, mimi nikaandika tisa.

Sikufanya hivyo kwa kutojua. Mdogo wangu Festo alianguka kutoka kwenye paa akipigilia mabati, huu mwaka wa pili, na kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Anaishi kwangu. Kila jioni, hata mkoba sijauweka chini, ananiuliza, "Dada, panya wanatembea?" Jana nilimjibu kwamba mmoja kakanyaga. Alicheka mpaka akakohoa. Niliona aibu, lakini nilinyamaza.

Basi, turudi kwenye ndoto.

"Umechelewa," panya ananiambia.

"Hicho ni kiti changu."

"Najua. Lete jicho."

"Jicho gani?"

"Lile lililochungulia. Mpimaji hatakiwi kuona."

Kanuni ni kanuni, na mimi si mtu wa kubishana na kanuni. Natoa jicho la kushoto. Haliumi. Analitia kwenye kikopo, anaandika tarehe, analiweka kwenye jokofu la seli, halafu ananipa karatasi nisaini.

"Sasa unaona nini?"

"Naona kila kitu, isipokuwa jibu."

"Vizuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Anafunga daftari. "Nasikia una mdogo wako alianguka."

"Ndiyo."

"Mimi sikuanguka. Niliangushwa."

Namwambia pole. Anasema pole ameipokea, na kwamba ni ya kwanza tangu aanze kazi hapa. Kisha ananigeuzia mgongo. Pale penye mshono pana mlango wa mbao wenye kitasa.

"Ingia ukaone mwenyewe," anasema. "Futa miguu kwanza."

Nafuta miguu, nafungua, naingia.

Ndani ni mlima Kitonga, saa nne asubuhi, jua la kutosha. Barabara inashuka vizuri tu, kona baada ya kona, halafu imekatika. Upande wa pili inaendelea kana kwamba haijui kilichotokea. Huku juu malori yamejipanga mpaka upeo wa macho. Dereva wa lori la mbele amelala chini ya injini, kofia usoni.

"Kaka, umebeba nini?"

"Neno moja."

Naangalia lori. Ni la tani thelathini, limefunikwa turubai, limefungwa kamba kila upande.

"Neno gani?"

"Kanyaga. Linatoka kichwani linakwenda mguuni. Wiki ya nane hii tupo hapa. Kila siku kichwani wanapakia jingine, wanalileta, linakuta foleni."

"Na waliokuleta wanajua kwamba njia imekatika?"

"Nani awaambie? Habari za mguuni zinapita hapahapa."

Pale barabara inapokatika pana kizuizi, na kwenye kizuizi amekaa mlinzi mnene, mgumu kama soli ya buti. Kwenye kifua chake pameandikwa KOVU.

"Mzee, shikamoo. Naomba ufungue."

"Marahaba. Sifungui. Siku ya ajali niliambiwa funga, madhara yasisambae. Nikafunga. Nilifanya kazi nzuri, ningechelewa dakika chache huyu panya asingekuwepo. Hakuna aliyekuja kuniambia fungua."

"Mimi nimekuja kukuambia!"

"Una barua?"

Nina karatasi ya jicho tu. Anaisoma pande zote mbili, ananirudishia kwa heshima. Hasira zinanipanda. Namwambia huu ni upuuzi, watu wamekwama wiki nane, na huko nje kuna kijana wa miaka ishirini na sita anasubiri jibu la hapa. Ananisikiliza mpaka mwisho. Anasema anamwonea huruma huyo kijana, lakini yeye ni kovu.

Ndipo nawaona. Ukingoni mwa lile pengo wamechuchumaa watu kama mia mbili, wanapitisha mwanga, nyuso zao hazijamaliza kutengenezwa. Ni seli tulizodunga. Wameshikana mikono, na wa mwisho ananing'inia hewani kuelekea upande wa pili. Kati ya kiganja chake na barabara ya ng'ambo panabaki kama hatua mbili. Mnyororo wao umepita chini ya kizuizi, na Kovu haangalii, kwa sababu aliambiwa azuie malori, hakuambiwa kuhusu mikono.

"Nyie kazi yenu nini hasa?" namwuliza aliye karibu.

"Mimi bado sijaamua. Naangalia majirani wanafanya nini. Huyu ameamua kuvisha nguo nyaya za mishipa ya fahamu. Yule alitaka kuwa mfupa, tukamkataza."

"Mbona mko wachache? Tulidunga laki mbili."

"Wengine walifia kwenye sindano. Wengine walifika, wakakuta pamechafuka, hawakumaliza siku tatu." Anasema bila kulalamika, kama mtu anayetaja waliohama mtaa. "Sisi ndio tuliobaki. Tulikuwa tunaendelea vizuri hadi jana mchana."

"Jana mchana kulikuwa na nini?"

"Tangazo. Limesomwa kwa kipaza sauti kwamba namba kumi na moja ni tisa. Amekanyaga, amebeba uzito. Tumefurahi sana. Hata hivi unavyotuona tunafunga mizigo."

Ala! Naangalia vizuri. Kweli, kila mmoja ana kifurushi miguuni. Mmoja ameshaachia mkono wa jirani yake na anakung'uta vumbi. Yule wa mwisho, anayening'inia, anarudi nyuma polepole akitafuta pa kuweka mguu.

"Msiondoke," nasema. "Jamani, subirini."

"Kwa nini tusubiri? Kazi imeisha. Imeandikwa."

"Haijaisha!"

"Kwani wewe unajuaje?"

Wote mia mbili wananigeukia. Dereva anatoa kofia usoni. Hata Kovu anageuza shingo, na inamchukua muda.

Nasema kwamba aliyeandika ni mimi. Nasema kumi na moja hajakanyaga chochote, anafagia, mguu wake unapita sakafuni kama ufagio na hakuna uzito hata chembe uliokaa juu yake. Nasema niliandika tisa kwa sababu ya Festo, kwa sababu nimechoka kurudi nyumbani na jibu lilelile, na nilitaka siku moja tu aende kulala akicheka. Nalia kwa jicho moja, lile jingine liko kwenye jokofu.

Yule ambaye bado hajaamua anauliza, "Kwa hiyo ni ngapi?"

"Nane."

"Ooh." Anaweka kifurushi chini. "Ungesema mapema, dada. Ungechelewa kidogo tungekuwa tumeshaondoka, na huyu panya angebaki na tisa yake kwenye daftari."

Wanafungua mizigo. Wanashikana tena, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho anajinyoosha juu ya pengo. Dereva anashusha neno, analiweka kwenye kiganja cha wa kwanza. Linapita mkono kwa mkono. Linafika kwa wa mwisho. Anajinyoosha, anajinyoosha, vidole vyake vinakaribia ukingo wa ng'ambo, panabaki upana wa unywele. Nanyoosha shingo nione kama limefika.

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Macho yote mawili yalikuwepo, niliyahesabu. Festo alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu, anamenya viazi vya chai. Nilikaa mbele yake kabla sijapoteza ujasiri.

"Festo, jana nilikudanganya. Yule panya hajakanyaga. Ni nane. Anafagia tu."

Kisu kikasimama. Uso wake ukabadilika, na nilitamani anitukane ili yaishe. Hakunitukana. Alimaliza kumenya kiazi kile, akakitumbukiza kwenye maji.

"Utamwambia Daktari?"

"Ndiyo. Nikitoka hapa."

"Anaweza kukufukuza."

"Anaweza."

Akachukua kiazi kingine, akakigeuzageuza mkononi bila kukimenya.

"Dada," akasema, "na wale waliokuwa wameshafunga mizigo, wamerudi?"

Nikamwangalia. Ndoto yangu sikuwa nimemsimulia mtu.

"Wale akina nani, Festo?"

"Sijui," akasema. "Nimeamka nalo hilo swali."

"Wamerudi," nikamwambia. "Wote."

Akashusha pumzi, akaendelea kumenya.